Sanduku la Barua la Mama Linafungwa

Mtaa wa Dunavska 18,
Lom.
16 Oktoba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Plamen,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Mgongo unaendeleaje na hilo lori? Mkeo Rumyana na watoto wameshazoea joto la Valencia? Sisi hatujambo, ila magoti yangu yameanza kulalamika kabla hata ya baridi. Pilipili tumeshazichoma na kuzitia chupani, na shemeji yako Venko bado ananuka moshi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike mama, mwezi wa nne, sijakuandikia wala kupokea simu yako. Vumilia, usome.

Intaneti ya nyumba ya mama ilinichosha. Mvua ikinyesha tu, imekatika. Nikaamua kuhamia kampuni nyingine, lakini mkataba ulikuwa kwa jina la mama. Nikapiga huduma kwa wateja: bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki nusu saa nzima. Mwishowe mtu akaniambia, "Mwenye mkataba apige mwenyewe."

Nikamjibu, "Mwenye mkataba yuko makaburini, mwanangu. Mpigie wewe!"

Basi Jumatatu nikaenda ofisini kwao. Nilijua watataka ushahidi kwamba amefariki, nami kwa haraka zangu nikabandua tangazo la msiba lililo mlangoni tangu mazishi, lile lenye picha yake, nikaenda nalo. Binti wa pale, Ivelina, akanionea huruma. "Shangazi, hili ni la mlangoni. Mimi nataka cheti cha kifo." Kisha akalisoma, akatazama kompyuta yake.

"Marehemu alikuwa na anwani ya barua pepe kwetu," akasema. "Mkataba ukiisha, nayo inafutwa. Ila kuna mtu anamwandikia kila Jumapili, hata jana. Na hapa kwenye tangazo, mfiwa ni wewe peke yako. Huyu Plamen ni nani?"

Plamen, ardhi ingepasuka ningeingia. Jina lako nililiondoa mimi. Hukuja kumzika mama, nikasema basi, sina ndugu tena. Nikamwambia, "Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Barua ishirini na saba, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Ya juu ilionyesha mstari wa kwanza tu: "Mama, leo pia Yordanka hakupokea simu."

Nililia pale pale, watu wa foleni wakinitazama. Ivelina aliniuliza kama anitolee nakala. Nikakataa, barua hizo ni zako na mama. Jana nilimpelekea cheti, na sanduku litafungwa mwisho wa mwezi huu.

Tangazo jipya la mlangoni, la kumkumbuka mama nusu mwaka tangu afariki, limeshachapishwa. Jina lako liko juu ya langu. Nisamehe, mdogo wangu. Hasira yangu ilikuwa ya msiba, nikakutwisha wewe.

Venko anakusalimu. Shangazi Genoveva naye, anauliza utakuja lini. Wabusu watoto. Mungu akulinde barabarani, uendako na urudiko.

Kuanzia mwezi ujao ukimwandikia mama, barua itakurudia. Anwani yangu mpya ya barua pepe nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Jumapili niandikie mimi. Mimi nitajibu.

Dada yako aliyekukosea, na akupendaye,
Yordanka