Mikwaruzo ya Marehemu

Kaka, nimepigwa na bunduki! Na wala haikufyatuliwa!

Yule mwindaji aliyetuletea bunduki ya marehemu baba yake leo kaja kuichukua. Mtutu nimeusugua kwa msasa siku tatu, nikautia rangi, unang'aa kama kioo.

Akaupapasa taratibu. "Mikwaruzo iko wapi?"

Nami kwa majivuno: "Nimeifuta yote, mzee!"

Nimeifuta yote! Mdomo huu utaniua!

Kumbe kila mkwaruzo ni mnyama mmoja aliyeangushwa na baba yake. Kumi na mmoja, kaka.

Akaishika bunduki kwa kitako, akanitwanga mtutu wa mdomo. Damu mpaka ukutani. Akainyanyua tena.

Lakini kazi yangu ni safi, wallahi. Mtutu ulipokuwa unanijia mara ya pili, nilijiona ndani yake, meno mawili hayapo.