Mdomo Nyama, Si Bati

Jumatatu, 2 Februari
Mazoezi uani tangu alfajiri. Kuku wamehama. Shaaban imepamba moto, kila mwenye binti anataka kuozesha kabla ya Ramadhani. Jana nilipuliza tarumbeta juu ya kirikuu, kigari cha mizigo, kuanzia Dunda hadi stendi. Mdomo wa juu unauma. Si kitu.

Jumatano, 4 Februari
Rukia wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nilimwahidi tangu mdogo: tarumbeta litakalomtoa mlangoni ni la babake. Wimbo wenyewe una sauti moja ya juu kabisa, na leo imenikwepa mara nne. Nimeling'ang'aniza tarumbeta menoni mpaka sauti ikakubali. Mdomo umevimba, uvimbe kama harage.

Ijumaa, 6 Februari
Shomari, mpulizaji wa pili wa bendi yetu, kanitazama mdomo bila kuombwa. "Kaka, mdomo nyama, si bati. Puliza dakika kumi, pumzika kumi. Ukiuma, acha." Ananifundisha mimi! Mimi niliyemfundisha hata kulishika tarumbeta. Nimeondoka bila kuaga.

Jumapili, 8 Februari
Harusi mbili. Nimepaka mafuta ya karafuu, yale ya jino. Ganzi tupu! Nimepuliza asubuhi mpaka magharibi, sauti zote za juu zimekuja. Shomari yuko wapi na nyama yake?

Jumatatu, 9 Februari
Ganzi imetoka. Chai hainyweki. Nimejaribu tarumbeta: pumzi inavuja pembeni, sauti ya mbuzi. Naogopa.

Jumanne, 10 Februari
Daktari kauliza nilipaka nini. Nikamwambia. Msuli wa mdomo umechanika kidogo. Anasema maumivu ndiyo yaliyokuwa yananilinda, nami nikayafukuza. Wiki sita nisipulize. Nikikaidi, huenda nisipulize tena maisha. Harusi siku nne. Sijamwambia Rukia. Nahaha kama kuku anayetaka kutaga.

Ijumaa, 13 Februari
Nimelitoa tarumbeta sandukuni mara tatu, nimelirudisha mara tatu. Mama Rukia kalifungia kabatini, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Nimemchukia mpaka adhuhuri. Jioni nimekwenda kwa Shomari, nikamwomba anipulizie. Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

Rukia bado sijamwambia. Mdomo huo wa kusemea ulikuwa mzima, nikaufunga.

Jumamosi, 14 Februari
Shomari kapuliza vizuri. Ile sauti ya juu hakuijaribu, kapita chini yake kwa adabu. Mimi nilipewa matuazi ya kugonganisha. Rukia alitoka, akasimama mlangoni, akageukia tarumbeta kwa tabasamu. Akamwona Shomari. Macho yakaanza kunitafuta. Nilipoteza mapigo.

Jumanne, 17 Februari
Leo vunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga. Nimetafuna pilau taratibu, upande wa kushoto. Rukia kapiga simu kutoka kwa mumewe. Kauliza mdomo aliouona umevimba harusini, hakuuliza wimbo. Nikamwambia yote, hata karafuu. Akasema, "Baba, mimi ningengoja mlangoni hata bila ngoma. Ungeniambia tu."

Mwezi unaandama. Ufunguo bado uko kwenye khanga. Sijauomba.