Yaya, Sikusimama Nyuma Yako

Mpendwa Yaya Julienne, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia Jumatatu asubuhi, nimeketi ndani ya karakana na mashine ya kuchomelea sijaiwasha. Jana, baada ya misa ya pili, walinichagua. Kile kiti ulichokitaka wewe, cha katibu wa selile, lile tawi dogo la chama hapa mtaani kwetu Ruashi, sasa nakikalia mimi. Najua ungeanza kwa kucheka. Ungesema chama kimekosa watu mpaka kinaokota wachomeleaji wasioweza kuandika barua bila kuharibu karatasi tatu. Hii ni ya nne, kwa hiyo usingekosea sana.

Barua yenyewe haitakuwa siri. Nitampa Solange, binti yako, aisome, kisha awasomee kwa simu shangazi zetu wa kule kaskazini ambako baba alitoka kuja kufanya kazi ya reli. Mambo waliyoambiwa juu yangu si ya kweli, na aliyewaambia ni wewe.

Nianze mbali kidogo. Unakumbuka mama alipofariki, baba akawa anapotea na treni wiki mbili, wiki tatu, tukabaki wawili. Wewe mwenyewe ulikuwa bado mtoto, lakini ghafla ukawa na sauti ya mama mzazi. Ulinishonea kaptula kwa pazia la zamani la sebuleni, nikaenda nayo shuleni ikiwa na maua, na mtoto wa jirani aliponicheka ulimfuata mpaka kwao ukazungumza na bibi yake. Mimi nilikuwa mwoga. Padri akija, nilijificha nyuma ya kitenge chako. Mbwa akibweka, nyuma ya kitenge chako. Ulikuwa unaniambia, "Placide, siku moja nitakaa chini, utajificha wapi?" Nilidhani ni utani tu. Nyuma yako ndipo mahali nilipopajua vizuri kuliko pengine popote duniani.

Ndiyo maana ulipoamua kugombea, hakuna aliyeshangaa nilipokufuata. Malori ya mgodi yalikuwa yanapita kwenye avenyu yetu tangu alfajiri, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na kila mara wanawake walipokwenda kulalamika waliambiwa kamati ya selile iko mkutanoni. Ulikuja hapa karakana, ukakaa juu ya chupa tupu ya gesi, ukaniambia:

"Placide, bale bantu banaongeaka juu yetu, na shiye tuko inje. Miye nataka tu kiti kimoja mule ndani. Hata ikiwa ya kuvunjika, weye uko soudeur, utaitengeneza."

Zile Jumamosi tulizozunguka pamoja nyumba kwa nyumba nadhani ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote maishani mwangu. Kila nyumba walikupa maji, na wewe hukujua kukataa. Ulikunywa mpaka ukalazimika kuomba choo nyumbani kwa Mama Odile, mpinzani wako mwenyewe, na yeye akakupa ufunguo akicheka. "Ingia tu, Mama Julienne. Choo haina parti." Mlicheka wote wawili mlangoni mpaka majirani wakatoka kutazama. Sisemi haya ili kumfanya Mama Odile mbaya, maana hakuwa mbaya. Ubaya wa siku ya kura ulitoka kwangu.

Wasioishi kwetu wataona ajabu namna tunavyopiga kura kwenye selile. Hatutumii sanduku wala karatasi. Wanachama wanakusanyika katika uwanja wa shule ya msingi, na wagombea wanasimama mbele, uso ukitazama ukuta, marufuku kugeuka. Kisha kila mtu anakwenda kupanga mstari nyuma ya yule anayemtaka. Papa Kasongo, mzee wa kuhesabu, anapita akigusa kila bega kwa daftari lake alilolikunja. Mpaka amalize, mgombea haoni kitu. Anasikia miguu tu.

Siku ile, tukiwa njiani kwenda uwanjani, ulinishika mkono. "Weye njo utakuwa wa kwanza nyuma yangu. Nikisikia vile unakohoaka, roho itatulia." Kikohozi changu cha moshi wa kuchomelea, ambacho kila siku ulikuwa unanigombeza nikanywe dawa. Nikakuambia, "Yaya, usiogope, niko." Nilisema kweli wakati ule. Nataka uamini hivyo, hata kama sasa haisaidii.

Tulipofika uwanjani nilimwona mume wa Mama Odile amesimama kando, chini ya ubaraza, na miwani yake ya jua. Unajua kwamba ndiye aliyekuwa akishika mambo ya viwanja mtaani. Karatasi ya kiwanja changu ilikuwa mezani kwake tangu mwanzo wa mvua. Nyumba nilikuwa nimeshaiinua mpaka kwenye linta, matofali niliyafyatua mwenyewe, milango niliichomelea mwenyewe, na Agnès, mke wangu, alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Yule bwana alinitazama, akanisalimu kwa kichwa. Basi. Hakusema neno, hakuniita pembeni, hakumtuma mtu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kitisho chochote katika salamu ile ili nipate cha kujitetea nacho, na sikipati. Hofu yote nilijitengenezea mwenyewe, papo hapo, nikiwa nimevaa shati ulilonipigia pasi wewe.

Wakasema watu wapange. Nikaona watu wanatembea. Wengi walielekea kwa Mama Odile, wachache kwako. Nikajiambia kwamba tayari umeshindwa, mtu mmoja hataongeza kitu. Nikajiambia pia kwamba unatazama ukuta, hutaona, na Papa Kasongo akimaliza nitapenya haraka nikae upande wako. Nilisahau, mjinga mimi, kwamba hakuna ruhusa ya kutoka kwenye mstari mpaka majina yatangazwe. Nilikwenda nikasimama kwa Mama Odile, karibu na mwisho, nyuma ya mwanaume mmoja mnene.

Kisha nikabana kikohozi. Yaya, nilikibana mpaka machozi yakatoka. Uwanja ulikuwa kimya, daftari la Papa Kasongo linasikika kwenye mabega ya watu. Lilipogusa bega langu, nikakohoa.

Hukugeuka. Niliona tu kichwa chako kikisogea kidogo, kuelekea upande wetu, halafu kikarudi kwenye ukuta. Ukabaki umesimama wima vile vile mpaka hesabu ikaisha. Nimewahi kuungua na chuma, nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa la kanisa nikifunga bati, lakini maumivu niliyoyapata kichwa chako kiliposogea kidogo vile siyawezi mpaka leo.

Walipotangaza, ulimpa Mama Odile mkono. Tukarudi nyumbani kwako kwa njia mbili tofauti. Nilipofika ulikuwa umeshasonga bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo iko mezani, na samaki wadogo wa kukaanga ninaowapenda. Nilisimama mlangoni. Ulinitazama mara moja, ukavuta kiti.

"Kula, Placide. Bukari ikipoa inakuwa mawe."

Nilikula. Sijui nilikulaje. Nilitaka unitukane, unirushie sahani, umwite Agnès umwambie ameolewa na mtu gani. Ulizungumza habari za bei ya mafuta na za mtoto wa jirani aliyepata ubatizo. Miezi yote iliyofuata ulikuwa vile vile, mwema kwangu, unaniletea uji karakana nikiugua, unaniuliza dawa ya kifua. Ila hukuniita tena kutembea nawe popote. Na karatasi yangu ya kiwanja ilisainiwa. Sijui kama ingesainiwa hata bila mimi kusimama pale. Labda ndiyo. Kila nikigeuza ufunguo wa mlango wangu nafikiria hiyo labda.

Halafu ukasema unahamia Sakania kwa Solange, kumsaidia biashara yake ya unga na sabuni za kutoka ng'ambo ya mpaka. Watu walisema ni jambo zuri, mama kumfuata binti. Mimi nilikubebea mizigo mpaka kwenye lori, nikaifunga kamba vizuri, na bado sikusema. Nilijiambia nitakuja Pasaka. Pasaka kulikuwa na kazi ya geti. Nikajiambia Noeli. Kabla ya Noeli Solange akapiga simu kwamba presha imekuangusha sokoni.

Kwenye kilio chako nilikaa mbele, pamoja na wanaume wa familia. Tantine Mado, dada mdogo wa baba, aliyesafiri siku nne kuja, alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote. "We njo mutoto wa kweli. Julienne alituambiaka. Bote balimukimbia siku ya kupiga vote, Placide peke yake njo alibakia nyuma yake." Watu wakaitikia, wengine wakalia. Wakanipa mimi niseme neno kaburini.

Nikasema, Yaya. Nilisimama juu ya udongo wako nikasema jinsi dada na mdogo wake wanavyopaswa kushikana. Ungekuwepo ungenifinya. Mpaka leo sielewi kwa nini uliwaambia vile. Labda uliona aibu kwa ajili yangu, au uliogopa nisije nikakosa familia baada ya wewe kuondoka. Ulinifunika tena, kama ulivyozoea, na mimi nikajifunika vizuri.

Mwezi uliopita Papa Kasongo alikuja hapa karakana. Mama Odile na mume wake wamejenga mtaa wa Karavia, wamehama, kiti kiko wazi. "Shiye tunawaza ni weye," akasema. Agnès alifurahi. Mimi nilikubali kwa sababu nyingine. Nilifikiri Mungu amenipa uwanja uleule, watu walewale, ili nilisafishe jambo. Niliamua kwamba kabla ya kutazama ukuta nitawaambia ukweli, na wao wataniacha nimesimama peke yangu, na mimi nitajua ulichokijua wewe. Nilitaka adhabu hiyo. Wiki nzima niliingoja karibu kwa furaha.

Jana nikaomba neno.

"Bandugu, mbele ya kutazama ukuta, niko na neno. Siku ya Yaya yangu Julienne, miye nilimuahidi, na nilimuacha. Nilienda kusimama kwa Mama Odile juu ya document ya parcelle yangu. Na ku kilio nilikubali banisifu. Muntu wa vile, munamutaka kweli?"

Nilitazama chini nikangoja. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, cheko la urafiki, na wengine wakafuata. Papa Kasongo akanikaribia akanipiga bega kwa lile daftari.

"Placide, mutoto wangu, shiye bote tulikuonaka. Miye mwenyewe nilikuhesabu. Njo maana tunakutaka. Yaya yako alikuwa kichwa nguvu, Mungu amupokee. Weye uko muntu wa kuelewana."

Wakapiga makofi. Nilitazama nyuso moja moja nikimtafuta hata mtu mmoja aliyekasirika kwa ajili yako. Wale wanawake wa avenyu yetu waliosimama nyuma yako siku ile walikuwepo pia, wameketi pembeni, na hawakunitazama. Mpinzani wangu, kijana fulani wa duka la simu, alikuwa ameshageukia ukuta, ametulia, anajua hana kitu. Ningeweza kuondoka. Lango la shule lilikuwa wazi. Papa Kasongo akaniambia, "Geuka, baba, jua linapanda," na mimi nikageuka.

Sasa malori bado yanapita, na kesho nitaingia mkutanoni kukaa ndani huku wanawake wakiwa nje. Wakubwa wa kamati wameniambia tayari kwamba habari ya vumbi isipelekwe juu kwanza, tusubiri. Nikaitikia kwa kichwa.

Lala vizuri huko Sakania, Yaya. Sikuombi unisamehe, maana ungenisamehe kabla sijamaliza kuomba, na mimi ningebaki mtu yuleyule. Wewe peke yako ulikuwa na haki ya kunikasirikia, ukaenda nayo. Nilipokuwa nimetazama ukuta jana nilisikia miguu ikija, mingi sana, ikijipanga nyuma yangu bila haraka, na kwa kila hatua niliomba yule anayekuja aende upande mwingine.

Mdogo wako uliyemlea,
Placide