Kadi Moja, Wake Wawili

Jumanne, 7 Oktoba 2008

Petro kanipigia tena. Yeye ndiye mratibu wa mfuko wa bima ya afya wa huko vijijini, na anataka niandike gazetini habari ya kliniki yake ya sukari: mwanachama anaonyesha kadi, anapimwa, anapewa vidonge, halipi kitu dirishani. Anasema ana mgonjwa wa mfano, mwanamke ambaye hajakosa kliniki mwaka mzima. "Mpige picha, Agnes, watu waone."

Nikamwuliza waliokosa ni wangapi. Akacheka. Hao tutawaongelea siku nyingine, alisema.

Hao ndio habari. Ila nitaanza na anayemtaka yeye. Nakwenda Alhamisi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kliniki ni mara mbili kwa mwezi, Alhamisi ya pili na ya nne. Muuguzi ni mmoja, Sista Lucy. Anapima uzito, anapima presha, anatoboa vidole, anagawa vidonge, anaandika. Yote peke yake! Hajakaa chini tangu nifike mpaka naondoka.

Benchi moja lilikuwa na watu, la pili tupu. Nikauliza. Msimu wa korosho, akasema Sista, watu wamehamia mashambani. Kadi inafanya kazi kituo hiki tu, na wengine mashamba yao yako kule upande wa Nanyamba. Mpaka korosho ziishe hawanywi dawa. Kwenye faili anawaandika "mtoro". Kasema ndivyo alivyofundishwa kuandika, hana neno jingine.

Mtoro! Mtu yuko chini ya mikorosho anaokota.

Mgonjwa wa mfano nimemwona. Bi Husna, mke wa Rajabu. Mwembamba, miaka thelathini na kitu, mdomo mwepesi. Bibi mmoja wa benchi kamchokoza: "Wee Husna, sukari yote hiyo mumeo hakulambi?" Naye: "Ngoja zamu yangu ifike, nitamwuliza." Benchi zima likaangua kicheko. Hata Sista.

Picha kakataa. "Maneno nitakupa, dada. Sura yangu niachie."

Nimeona pia Sista akifungua kopo la mwisho la vijiti vya kupimia sukari. Mengine? Ameagiza, akasema. Ameagiza tangu kabla ya Ramadhani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Petro kasisitiza nimfuate mgonjwa nyumbani, huenda akakubali picha akiwa kwake. Basi nikaenda. Kijiji kiko mbele ya kile cha Ziwani, pikipiki ikanishusha mbele ya nyumba mbili zinazotazamana. Nikapiga hodi kwa Bi Husna.

Akatoka mama wa makamo, mnene, vidole vyeusi kwa mafuta ya korosho. "Karibu. Husna ni mimi."

Nikasema namtafuta Husna wa kliniki ya sukari.

Akageukia nyumba ya pili na kupaza sauti: "Mwenzangu! Njoo huku, jina lako limekufuata."

Akatoka yule wa benchi. Jina lake ni Somoe.

Hawakunificha. Kwenye kadi kuna picha ya mume tu. Chini yake jina la mke mmoja na majina ya watoto. Mke wa pili anahesabika kaya nyingine, anataka kadi nyingine. Rajabu alipojiandikisha alimwandikisha Husna, bi mkubwa. Kumruka yeye aandikwe mdogo kungekuwa matusi. Somoe wakati ule alikuwa mzima. Sukari ilimtokea baada ya uzazi wa mwisho. Basi Husna akampa kadi, na jina.

"Mimi siumwi," alisema Husna. "Jina langu lilikuwa limekaa bure."

Nimeuliza wanaishije, kwa kawaida. Wakatazamana. "Tunagombana," kasema Somoe. "Juzi tu kanitukana kwa sababu ya kuku wake." Husna kaitikia: "Na nitamtukana tena. Kuku wangu na dawa ni mambo mawili."

Nilikaribishwa uji. Husna hakunywa, anafunga sita za Shawali, na asubuhi yote alikuwa shambani. Rajabu akafika, akaketi, akaeleza kwamba kadi ya pili ataikata chama cha msingi cha ushirika kikilipa korosho. Alisema hivyo pia msimu uliopita. Hili alilisema Somoe, si yeye.

Nilipoinuka Husna akanisindikiza mpaka njiani. "Ukiandika wataichukua kadi, mama. Mwenzangu atameza nini, majani?"

Nimemwahidi sitaandika jina la mtu.

"Na sura?"

Na sura.

Jumatano, 15 Oktoba

Petro: picha iko wapi? Nimemwambia hataki. "Mgonjwa gani anaogopa gazeti?" Nimemwuliza, kama swali la jumla tu, mwenye wake wawili anafanyaje. "Anakata kadi mbili. Kaoa mwenyewe, mfuko haukuposa."

Jibu zuri. Nimelinukuu kwenye rasimu kisha nikalifuta. Lingemfanya aanze kuhesabu wenye wake wawili.

Jumapili, 19 Oktoba

Habari ya "watoro" imetoka, ukurasa wa saba, imekatwa nusu. Vijiti vimebaki sentensi moja. Petro hajapiga simu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nipo kituoni, benchi la nje. Naandika hapa hapa kabla sijachanganya nani kasema nini.

Nilikuja kuulizia vijiti. Sista Lucy hayupo. Kaondoka alfajiri kwenda Mtwara mjini kuvifuata mwenyewe, maana kliniki ni kesho. Aliyekuwepo ni tabibu Godfrey, kijana, kaletwa hapa Septemba. Wagonjwa wa sukari hawajui kwa sura. Kazi yake ni wodi.

Baada ya adhuhuri Rajabu akaingia anasukuma baiskeli. Husna yuko juu ya kiti cha nyuma, Somoe kamkumbatia asianguke. Husna ametolewa shambani. Midomo imekauka, jasho, anatetemeka, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Pumzi za haraka haraka.

Godfrey akaomba kadi. Rajabu akampa — mkono umezoea kutoa. Faili likatolewa: Husna, mke wa Rajabu, sukari, mwaka wa pili.

"Ana kiu?"

"Tangu asubuhi, daktari," akajibu Rajabu.

"Katapika?"

"Mara mbili."

Akatafuta vijiti. Kopo tupu. Akalitikisa, akalichungulia. Akasema, kama anajisemea: sukari imepanda. Simlaumu. Alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilifanana na alichokiona. Akafungua friji, akatoa kichupa cha insulini, akavuta dawa kwenye sindano, akamwekea Husna pamba ya spiriti mkononi.

Rajabu alikuwa anatazama sakafu. Nilisimama. Nilishasema "Daktari, subiri" — lakini Somoe alikuwa ameshaweka kiganja chake juu ya mkono wa Husna, pale pale penye pamba.

"Usimchome. Sukari ni yangu."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye Husna. Yule wa Alhamisi. Huyu hajawahi kuumwa sukari. Huyu kafunga."

Godfrey hakupiga kelele. Aliirudisha sindano kwenye sinia taratibu. Akauliza amekula saa ngapi. Daku, basi. Na kufanya kazi juani tangu kulipopambazuka. Basi imeshuka, akasema, akatundika drip ya glukosi, akachukua damu ya kupima malaria.

Haikuchukua muda mrefu. Husna akafumbua macho, akamtafuta mwenzake.

"Imeadhiniwa?"

"Imeadhiniwa," kasema Somoe, akamwinua kichwa na kumpa kikombe. "Kunywa."

Ilikuwa saa tisa mchana.

Sasa tunangoja majibu ya malaria. Dirisha liko wazi nyuma yangu, nawasikia. Godfrey kaketi, kadi iko mezani chini ya kiganja chake. Anasema dozi ile ingemuua. Kalisema mara mbili. Anasema hawezi kunyamaza, lazima mratibu ajue, na mratibu anakuja kesho kliniki. Rajabu kaanza: "Daktari, korosho zikilipwa tu..." Husna, kutoka kitandani, kamkata: "Nyamaza na korosho zako."

Nikageuka kutazama.

Somoe kasimama mbele ya meza, kanga ya Husna begani. Anasema vidonge vyake vinaisha leo jioni.

"Kesho nije kwa jina gani, daktari?"

Godfrey ameigeuza kadi, anasoma upande wa nyuma. Hakuna kilichoandikwa upande ule, nimeiona mwenyewe. Bado anasoma.