Kikombe cha Ngozi

Jumapili, 4 Mei 1975

Kikombe cha kwanza kimepasuka. Nimekitupa. Ngozi ya shingo haifai, ngumu. Nimekata kingine kwenye ngozi ya mgongo, ile iliyobaki nilipowamba kiti. Nimeiloweka toka asubuhi, nikaisukuma kwa bolti ndani ya tundu la gogo la mninga mpaka ikashika umbo. Sasa inakauka kivulini. Juani hapana. Juani inakunjamana kama uso wangu.

Ikikauka naitia kwenye kopo la mafuta ya ng'ombe yenye nta kidogo, inywe mpaka ishibe. Halafu naivika kichwani mwa pistoni. Bunduki ya upepo ndiyo hiyo tu. Watu wanaona mtutu, wanaona kitako. Springi inasukuma pistoni, kikombe kinabana upepo, upepo unatupa risasi. Kikombe kikivuja huna bunduki. Una fimbo.

Kijiji kizima hakuna mwingine anayejua. Labda wilaya nzima. Bwana wa mbung'o, yule Mwingereza wa kuangamiza mbung'o niliyemfanyia kazi miaka kumi na moja porini Usinge, bunduki hii ikivuja alikuwa ananiita mimi. Aliporudi kwao mwaka wa uhuru akaniachia hiyo bunduki. Mpishi hakumwachia kitu.

Mwaka jana tulipohamishwa kuja huku karibu na Usoke, lori halikuwa na nafasi. Milango yangu ya mninga ilibaki. Mizinga ya nyuki ilibaki. Bunduki nilipanda nayo mapajani.

Mwalimu wa ngumbaru amesema tuandike kila siku tusisahau herufi. Naandika. Kumwonyesha simwonyeshi.

Jumanne, 6 Mei

Kimekaa. Niliweka unyoya wa kwelea pale mtutu unapokunjika, nikafyatua. Unyoya haukutikisika. Hata pumzi moja haikutoroka. Nikaangusha ndege juu ya kichuguu, hatua arobaini. Kwa umri huu! Mke wangu Nyamizi kasema risasi imepiga kichuguu, ndege kafa kwa woga. Mwanamke huyu.

Katibu wa kijiji alisimama njiani anatazama. Kondo jina lake, kijana wa Kizaramo, kaletwa kutoka pwani. Kwa hiyo mtani wangu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana toka enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kwenda Bagamoyo. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kitu chako unacheka. Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria.

Sikupenda alivyoitazama.

Jumatano, 7 Mei

Mkutano. Mtama wa shamba la kijiji unakomaa, na ndege wameonekana upande wa reli. Katibu kasema bunduki ya mzee iingie stoo, iwe ya wote. Makofi. Nikasimama. Nikasema nichukueni mimi na bunduki yangu, nitalinda mchana kutwa, sitaki kitu. Wakasema hapana, walinzi watakwenda kwa zamu. Zamu! Bunduki kama jembe.

Katibu akaona nimenuna. Akapaza sauti: "Babu yako alibeba pembe ya ndovu mpaka Bagamoyo. Wewe kabunduki haka toka nyumbani mpaka ofisini kamekushinda, mtumwa wangu?"

Watu hoi.

Nikamjibu: "Babu yangu alipita kwenu mchana kweupe. Babu yako alikuwa juu ya mnazi, anamkimbia mpagazi!"

Wakacheka tena. Lakini kicheko chake kiliondoka na bunduki yangu. Changu hakikuondoka na kitu.

Nyumba nilitoa. Mizinga nilitoa. Sasa na hii.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeipeleka. Lakini kwanza niliifungua, nikatoa kikombe, nikafunga kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa nje huoni. Kikombe kiko kwenye kopo la mafuta.

Wao wamechukua bunduki. Upepo ninao mimi. Na mkutano ulisema bunduki, kikombe haukukitaja.

Watakuja. Siku mbili tu. Hodi mzee, shikamoo mzee, haipigi, tusaidie. Nitawaacha wasimame uani kwanza. Halafu nitasema anayelinda ni mimi, au hakuna.

Kitu kimoja kinanisumbua. Bila kikombe, mbele ya pistoni hakuna upepo wa kuipokea kama mto. Inagonga chuma kwa chuma. Mara tano, mara kumi, itavumilia. Hawatafika huko. Wataona haifai, wataacha.

Ijumaa, 9 Mei

Wameijaribu mbele ya ofisi. Risasi imeanguka hatua tatu. Katibu kasema bunduki imezeeka kama mwenyewe, inatema mate. Watu wamecheka na mimi nimecheka. Mtani ni mtani.

Hakuna aliyekuja kupiga hodi.

Jumapili, 11 Mei

Kwelea wameshuka. Wanakuja kama moshi, wanageuka pamoja, wanatua pamoja. Wanawake wote shambani na madebe. Nyamizi yuko huko.

Katibu anapiga bunduki yangu. Nasikia mpaka hapa uani. Upepo una mlio mfupi, kama mtu mzima anayekohoa. Huu siyo. Hii ni kang', chuma. Kang'. Kang'. Nilihesabu mpaka thelathini nikaacha.

Nimeuliza. Ameona ule mlio unawashtua ndege. Basi risasi hatii tena. Anakunja anafyatua, anakunja anafyatua. Kwake inafanya kazi. Ndiyo maana haji.

Hilo sikulifikiria. Mimi.

Jumatatu, 12 Mei

Kila kang' naisikia kwenye meno.

Nilikwenda mpaka mtaroni pembeni mwa shamba, kopo liko mfukoni. Nilikuwa natafuta la kusema. Katibu akaniona kutoka mbali: "Mzee Mbung'o! Njoo uone kifimbo chako kinavyopata tabu! Hakijazoea ujamaa!" Wanawake wakacheka, hata wale waliochoka.

Nikageuka nikarudi.

Jumanne, 13 Mei

Nyamizi karudi hana sauti. Siku tatu anapiga kelele. Viganja vimechubuka kwa debe. Akaenda kutafuta mafuta apake, akafungua kopo langu.

Alikitoa kikombe. Akakifuta kwa khanga. Akaninong'oneza, maana hawezi zaidi: "Baba Shija, hiki si kinakaa ndani ya bunduki?"

Nikasema ni cha akiba.

Miaka thelathini na nane hajaniamini nikisema upesi hivyo. Akakirudisha kwenye kopo. Mafuta hakupaka.

Jumatano, 14 Mei

Kesho napeleka. Nitasema nilisahau. Hapana. Mimi sisahau, wote wanajua sisahau. Nitasema kililegea nikakitoa kukitengeneza. Hilo linasemeka.

Alhamisi, 15 Mei

Toka asubuhi mlio mmoja umekosekana upande wa shamba. Madebe yapo. Kang' haipo.

Nilijua kabla sijaambiwa. Sikwenda.

Ijumaa, 16 Mei

Ndege wameondoka. Upande wote wa reli mashuke yamebaki vifagio. Ule mtama ulikuwa wa Nyamizi pia. Na wangu.

Ningekuwepo na bunduki nzima ningepiga wale wanaotangulia. Ukiwapiga wale, kundi linageuka. Najua. Bwana wa mbung'o alishuhudia.

Kwelea ni wengi. Labda wasingegeuka.

Wangegeuka.

Jumamosi, 17 Mei

Katibu kaja. Hakupiga kelele mlangoni kama kawaida yake. Kavua kofia. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikangoja utani. Haukuja.

Kaweka bunduki mkekani, kaifunga kwenye gunia safi. Akasema: "Mzee, nimeivunja. Nilikuwa napiga tu ili ilie. Sikuijua, na sikukuuliza. Kosa ni langu. Kamati nimeshaiambia hivyo." Viganja vyake vimejaa malengelenge.

Nyamizi alikuwa mlangoni anapepeta. Akaacha kupepeta.

Hapo ndipo pa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango wa ghala.

Nikasema si kitu, mwanangu. Chuma huchoka.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniita baba. Angenitukana ningelala vizuri.

Ungo ukaanza tena.

Jumapili, 18 Mei

Nimeifungua. Springi vipande vitatu. Pistoni imepondeka kichwa kama msumari wa zamani. Silinda ina ufa mbele, pale upepo unapotokea. Springi, Mhindi wa baiskeli kule mjini Gongoni anaweza kunitafutia. Silinda hapana. Wala hakuna fundi wa kuichomea. Fundi ni mimi.

Nimefuta kila kipande. Nimevipanga mkekani kwa zamu yake, kama vinavyoingia.

Kikombe nimekitoa kwenye kopo. Laini. Kimeshiba vizuri. Nimekivika kwenye kidole gumba, kimebana sawasawa, hakiachi hata pumzi. Sijawahi kutengeneza kizuri kama hiki.

Nyamizi kaniletea uji. Kauweka karibu na springi, kaangalia mkeka, kaangalia kidole changu.

Sauti imemrudia toka juzi. Kasema tu uji utapoa.