Nimeruka Peke Yangu, na Mama Amekula

Jumapili jioni, Februari 1995. Kisumu Ndogo, Kibera.

Jua limewaka tangu asubuhi, na juu ya milima ya Ngong yamejipanga yale mawingu madogo meupe, bapa upande wa chini, ambayo sisi watu wa ndege za bila injini huwa tunayaombea. Tangu Krismasi sijaona anga nzuri kama hii. Nimekaa hapa mlangoni kwa sababu ndani giza limeshaingia. Nywele zangu bado zina maji. Sijui kama nimefurahi ama nataka kulia. Nafikiri ni kulia.

Wacha niandike polepole, maana nikiharakisha nitajidanganya.

Mama alikuwa hajala tangu Alhamisi.

Hakugombana na mtu. Aliamka kama kawaida, akaenda kutandaza omena yake, wale dagaa wa ziwani, kando ya njia, akawapimia watu kwa mkebe wa gorogoro, akataniana na wateja. Jioni alipika ugali, akanipakulia, akaketi mbele yangu mikono mapajani, akaniangalia nikila. Yeye maji tu. Nikimwambia, "Mama, kula," ananijibu ameshiba. Ameshiba nini? Hapo Makina, kwa majirani zetu Waislamu, wako katikati ya Ramadhani, na adhana ya jioni ikilia kila aliyefunga anatia kitu mdomoni. Mama yangu hana adhana. Wa kuumaliza mfungo wake ni mimi.

Na ana vidonda vya tumbo. Dawa yake haimezwi bila chakula, kwa hivyo hata dawa ameiweka kando. Jana alikuwa anampimia mtu omena, akakaa chini ghafla juu ya gunia, uso umekuwa wa kijivu. Jirani alimshika asilale kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na beseni mkononi, na sikujua hata niliweke wapi.

Haya yote yameletwa na mdomo wangu. Alhamisi nilirudi kutoka kazini Kawangware nikiruka ruka kama mtoto, nikamwambia kwamba Bwana Pinto, mwalimu wangu wa ndege, ananiona niko karibu kuruka peke yangu. Nilidhani atapiga kigelegele. Aliweka mwiko chini.

"Hiyo jina haijamaliza kazi yake," akasema.

Jina lenyewe ni Awuor. Mjomba wangu Owuor, ndugu yake Mama, alikuwa fundi wa mawe hapa mjini, na alianguka kutoka juu ya jengo kabla sijazaliwa. Nilipozaliwa nikalia, usiku na mchana, titi sitaki, na kwetu mtoto akilia hivyo watu wanajua kuna marehemu anayetaka kuitwa. Wakaanza kutaja majina ya waliokufa, moja moja. Walipofika kwa Owuor nikanyamaza, nikanyonya, nikalala. Kwa sababu mimi ni msichana nikawa Awuor. Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni na siku zote ilinichekesha. Sasa Mama anaona waziwazi: aliyeanguka ananivuta juu nami nianguke.

Nitabishana vipi na hilo? Yeye ndiye alikuwepo. Mimi nilikuwa nalia tu.

Kuhusu kushika mabawa ya ndege pale klabuni hajawahi kulalamika. Ndiyo njia niliyoingilia. Mimi hushona turubai na viti vya magari kwa Fundi Wekesa, Kawangware, na siku moja klabu ya ndege ilituletea kazi ya kushona vifuniko vya ndege zao. Nilitumwa uwanjani, huko tambarare nyuma ya Ngong, kuvijaribu kama vinaingia. Nikakuta ndege nyembamba, mabawa marefu, haina injini hata kidogo. Mwisho wa uwanja kuna winchi inayoivuta kwa waya mrefu, inapaa, inaachia waya, kisha inakaa juu ikitafuta hewa moto inayopanda. Sikurudi nyumbani yule niliyeondoka.

Mpango wao haukuwa na maneno mengi. Ukija Jumapili ukashika ncha ya bawa na kukimbia nalo ndege inapoanza kuvutwa, ukavuta waya, ukasukuma ndege kurudi mahali pake, mwisho wa siku unarushwa. Nimeshika mabawa mpaka viganja vimekuwa vigumu. Shule ya urubani yenyewe, ile ya injini, ni ya watoto wa wenye nchi. Lakini Pinto, ambaye amezeekea kwenye hivi vyombo, anasema ukijifunza bila injini unaijua hewa, na mwenye kuijua hewa kuna mlango utamfungukia. Nimemwamini. Nataka kuwa rubani. Nimeandika hilo hapa mara nyingi mpaka naona aibu.

Ijumaa nilimwomba Fundi Wekesa aje aongee na Mama. Ni mtu mzima, mzee wa kanisa, mdomo wake kule kazini unatosha watu kumi. Akaja, akakaribishwa, akapewa samaki, akala vizuri sana. Mama akamsimulia habari ya jina. Wekesa akatikisa kichwa muda mrefu, akashukuru kwa chakula. Nilipomsindikiza nje akaniambia, "Mimi hapo siwezi, mama. Hata kwetu Uluhyani jina si mchezo."

Msaada wenyewe ndio huo.

Jana jioni, baada ya kukaa kwenye gunia vile, Mama alinipa njia ya kutokea. Wale akina mama wa kanzu nyeupe wanaoabudu kule bwawani humwombea mtu mwenye jina zito, wanammwagia maji kichwani, wanaliosha, anapewa jina lingine. Nikienda leo nikaoshwa, nikaachana na ndege, atakula. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba kikombe cha maji. Mama hajui kutisha. Angenitisha ningejua la kufanya.

Asubuhi niliondoka bila kusema naenda wapi, naye hakuuliza.

Naapa nilikwenda uwanjani kuaga. Niliyapanga maneno njia nzima: Bwana Pinto, nashukuru, nyumbani kuna shida, nitapumzika kidogo. Nilipofika nikakuta wameshanitayarishia ndege, upepo umetulia, na Pinto ananiita na mkono. Nikajiambia niruke naye mara moja ya mwisho halafu ndiyo niseme. Tukaruka. Tukatua. Akasema turudie. Tukaruka tena, hakutia neno hata moja, na mimi nikatua laini hata nyasi zenyewe hazikushtuka.

Halafu akafungua mikanda yake, akashuka.

Pale klabuni hatumwambii mtu mapema kwamba siku yake imefika. Ukimwambia hatalala, na asipolala atakosea. Mwalimu anashuka tu, anaifunga mikanda yake juu ya kiti kitupu isije ikacheza, anakuwekea chuma cha uzito chini ya kiti, maana peke yako wewe ni mwepesi. Mimi nimeshashika mabawa ya watu wengi wakifanyiwa hivyo na kila mara nilikuwa nacheka nikiona nyuso zao.

"Nenda, urudi hapa hapa," Pinto akasema. "Na usinitafute, mimi sipo."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulikuwa wangu, kioo kilikuwa bado wazi. Ningesema, mama yangu hajala. Maneno matatu tu. Nikamwangalia, nikafunga kioo.

Sijui nimweleze nani hili. Waya ukianza kukaza, ile ndege inatetemeka kidogo, mwenzako ameinua bawa, ameshatoa ishara, na kuanzia hapo hakuna tena kukataa. Unavutwa. Pua inainuka, ardhi inapotea, unaona anga peke yake. Bila Pinto ilipaa haraka kuliko nilivyozoea. Nikavuta kishikio cha manjano, waya ukaanguka, kukawa kimya.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma. Huko juu sikumwogopa Mjomba Owuor. Hakuwepo. Alikuwepo Mama, ameketi mbele ya sahani, na mimi nilikuwa na furaha. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna kimoja kilichokipunguza kingine. Nilipinda kushoto, nikapinda tena, nikaona vumbi la ng'ombe, nikaona mji kwa mbali umefunikwa na moshi wake, nikalia huku nimeshika usukani vizuri kabisa.

Nikatua. Mbali kidogo kuliko nilivyotaka, lakini wima, mzima.

Kuna na hiyo desturi nyingine ya klabu, na sikuikumbuka hata kidogo kwa vile kichwa kilivyokuwa kimejaa. Aliyeruka peke yake mara ya kwanza, ndege zikishafungiwa bandani jioni, anamwagiwa ndoo. Walinivizia nyuma ya banda. Ndoo mbili za maji baridi, ya kwanza kichwani, ya pili mgongoni, na Pinto anapiga makofi kama mtoto. Nilikuwa nimevaa lile sweta langu zito la shule. Pikapu ya klabu ikanishusha kituo cha Olympic, nikateremka kwa miguu nikitona maji, watoto wakiniangalia maana mvua haijanyesha hapa tangu mwaka uanze.

Njiani niliamua. Nitamwambia Mama: nimeruka, sikuanguka, niko hapa, nishike. Nikishasema hivyo na yeye akiniona, jambo litaisha. Niliamini kabisa.

Alikuwa ameketi kitandani. Alipoinua macho akaniona nimelowa kuanzia nywele mpaka viatu, aliweka mkono mdomoni. Akasimama mwenyewe, yeye ambaye jana alishindwa kubeba debe. Akanishika uso kwa mikono miwili, akayapangusa yale maji kwa viganja vyake, akajipaka shingoni.

"Wamekuosha," akasema. "Nyathina, wamekuosha."

Nyathina, kwa lugha yetu, ni mwanangu. Haniiti hivyo mara nyingi.

Nilifungua mdomo. Kwa jina la Mungu, niliufungua. Lakini alikuwa ameshageuka, anafunua sufuria ya uji ulioletwa na jirani, anajimiminia kikombe mpaka juu. Nikajiambia ale kwanza. Akanywa chote. Nikajiambia amalize na ugali. Akala ugali na omena, polepole, amefumba macho. Akameza dawa. Rangi ikaanza kumrudia midomoni, na mimi nimesimama pale nimelowa, natetemeka, namwangalia anavyotafuna.

Ningesema nini wakati huo? Na kesho nitasema nini? Nikimwambia ukweli ataiweka sahani chini tena, na safari hii atakuwa na haki, kwa kuwa nitakuwa nimemdanganya kwa kutumia maji. Nikinyamaza, Jumapili ijayo Pinto atanisubiri na ndege, na Mama naye ameshamwambia jirani kwamba Jumapili ijayo tutakwenda pamoja bwawani, yeye akiwa amevaa nguo nyeupe, kutoa shukrani.

Halafu aliniuliza wamenipa jina gani.

Nikainama kufungua viatu. Akadhani naona haya, akacheka, ule mcheko wake wa zamani. Akasema kama wameniachia nichague, yeye ameshachagua, amefikiria siku hizi zote alizokuwa amefunga. Nyanya yake aliitwa Akelo. Alikufa uzeeni, kitandani kwake, usingizini, wajukuu wamejaa nyumba. Hakuna aliyewahi kuwa na kifo kizuri kama hicho katika ukoo wetu.

Yuko nje sasa, anaongea na jirani, sauti imepata nguvu. Nasikia anamwita mtu aingize jiko ndani kabla halijazima.

"Akelo."

Ameita tena.

Nimeitika.