Betri za Yadi Zimejaa Tena

Clairwood, Durban
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Natumai unaisoma barua hii ukiwa mzima, na ule mguu haukusumbui tena asubuhi unapoinuka. Baba naye, kifua kimetulia? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi tu. Anayekuletea barua ni Hamisi wa Muheza, ninayefanya naye kazi kiwandani Mobeni. Usimwache aondoke bila kula.

Mama, nilipokupigia simu mwezi uliopita ulisema sauti yangu haikukupendeza, nikakuambia ni mafua. Nilikudanganya. Sasa kwa kuwa mambo yenyewe yamekwisha, nakueleza.

Unajua ninaishi nyuma ya yadi ya malori, vyumba sita kwenye mstari mmoja. Nyaya za umeme wa manispaa ziliibwa zamani, na mwenye yadi akaamua kufunga sola: paneli juu ya bati letu, na betri nane kubwa za maji kwenye kibanda. Mimi ndiye ninayezitunza, kwa ule ufundi kidogo niliojifunza huko nyumbani. Naongeza maji, nasugua kutu, kila jioni nasoma kipimo. Wapangaji wananiita Fundi, na sikufichi, jina hilo nalipenda.

Betri hizi hazivumilii njaa. Zikikaa wiki nyingi bila kujaa, zinaharibika ndani kwa ndani na hazirudi tena. Basi kipupwe kilipoingia, kipimo kikaanza kushuka, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka taa zikawa zinazimika hata isha haijaadhiniwa. Friji yetu ya pamoja ikawa vuguvugu.

Ndani ya friji hiyo kuna dawa ya Mama Furaha, Mkongo wa chumba cha pili, msusi katika saluni moja kule Umbilo. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano kila siku. Chupa mbili za akiba zilipata joto, akaogopa kuzitumia, akazitupa na kurudi kupanga foleni kliniki.

Sasa sikia nilichofanya mwanao. Nilikuwa nimemwona akiingia chumbani kwake na mashine ya kukaushia nywele. Mashine kama ile inakula umeme kuliko taa zote za yadi. Sikumuuliza. Jioni moja, watu wote wakiwa uani wanapika, nikasema kwa sauti, "Kuna mtu anaziua betri zetu kwa mashine ya saluni."

Mama Furaha akaweka mwiko chini. "Salimu, ni miye unasema?"

"Nasema nilichokiona."

"Uliona mashine ya kufa, nilikuwa naipeleka kwa fundi. Dawa yangu iko mu hii frigo. Miye njo nitaizima? Uko na akili kweli?"

 Kesho yake akachomoa kila kitu chumbani mwake, hata taa, akawa anatumia mshumaa. Dawa akaihamishia kwenye friji ya saluni. Salamu yangu haikuitikiwa tena. Na kipimo, mama, kikaendelea kushuka vilevile. Nikajua nimemsingizia mtu, lakini mdomo ukawa mzito kusema.

Jumapili huwa natoka kwenda kwa Watanzania wenzangu. Jumapili iliyofuata sikutoka, aibu tu. Adhuhuri nikatoka kuota jua, nikainua macho. Nusu ya paneli zilikuwa gizani! Kwa jirani kuna makontena yamepangwa manne kwenda juu, yako pale tangu nilipohamia. Kiangazi jua lilikuwa utosini, kivuli chake kifupi. Kipupwe jua la huku linapita chini, upande wa kaskazini, nyuma ya makontena yale, na kivuli kikawa kinarefuka kila siku mpaka kikafika batini kwetu. Mimi naondoka asubuhi paneli zinang'aa, narudi jua limeshazama. Ningekiona wapi?

Nikaenda kugonga mlango wa chumba cha pili. "Mama Furaha, tafadhali njoo uone."

Akatoka, akatazama juu muda mrefu. "Eish. Njo huyu mwizi wako?"

"Ndiye. Nisamehe, dada yangu."

"Uliniaibisha mbele ya watu. Utaniomba pole mbele ya bale bale. Lakini kwanza hamisha hii mambo, batu iko mu giza."

Mwenye yadi akakubali kwa simu. Jumamosi tukazishusha paneli zote na kuzipandisha kwenye bati la gereji, mwisho wa yadi, ambako kivuli hakifiki. Tukaziinua zaidi zilitazame jua la chini, tukaosha masizi ya malori. Mama Furaha alishika kamba chini, akituamrisha sisi wanaume kama watoto wake. Kisha tukafunga mkanda: simu zichajiwe adhuhuri tu, taa moja kila chumba, friji ipumzike kwanza.

Wiki mbili nilikuwa nikifungua mlango wa kibanda nikikimbilia kipimo. Jana saa tisa alasiri nikakuta taa ya kijani imewaka, ile ya kusema zimejaa. Betri moja imebaki dhaifu, saba zimepona kabisa. Mama, nilikaa chini pale pale sakafuni, nikacheka peke yangu.

Jioni wakati wa kupika nikasimama mbele ya wote nikasema, "Nilimsingizia Mama Furaha. Nilikosa, naomba radhi." Akanipakulia ugali na sombe, ndicho kisamvu cha kwao. Leo asubuhi amerudisha dawa yake kwenye friji.

Nisalimie baba, kaka mkubwa na shemeji, na shangazi anayeuza vitumbua sokoni. Mwalimu wangu wa madrasa mpe mkono wangu.

Mama Furaha yuko hapa ananitazama naandika. Anasema nikuambie umezaa mtoto mwenye haraka ya kusema, lakini pole anajua kuiomba. Nami naiandika kama alivyosema, kwa sababu ni kweli.

Mwanao anayelala usingizi sasa,
Salimu